Uzi: Ng'ombe wa nyama wazae mwezi gani hapa Lubumbashi? Tuhesabu kuanzia kwenye majani

Mfugaji_Kafubu

Salamu kwenu wafugaji wote, wa Lubumbashi, Kipushi, Likasi, Sakania na popote mnaposoma.

Nafungua uzi huu kwa sababu kila mwaka, mwezi wa nane na wa tisa, picha zinazotumwa kwenye makundi yetu ni zile zile: jike amesimama mbavu nje, ndama anavuta chuchu isiyo na kitu, na mwenye mali anauliza amchome sindano gani. Hakuna sindano ya hilo. Ndama huyo alizaliwa mwezi mbaya, na mwezi huo uliamuliwa miezi tisa nyuma, siku dume alipokuwa anazunguka na majike bila mtu kuuliza leo ni tarehe ngapi.

Naandika kwa ajili ya mwenye majike kumi, kumi na tano, labda ishirini. Ranchi kubwa za nyanda za juu za Biano zina nyua na wafanyakazi wa kutenga mifugo. Sisi wadogo tuna zizi moja, mchungaji mmoja, na dume ambaye mara nyingi ni wa kuazima. Kwa hiyo tuseme yale yanayofanyika kwa hali yetu.

Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja. Mvua inaonja mwezi wa kumi, inashika wa kumi na moja, inapiga mpaka wa tatu, inaaga wa nne. Kuanzia wa tano mpaka wa tisa ni kavu. Kwa mwaka tunapata kama milimita 1,200, lakini zote zinamwagika katika nusu ya mwaka. Majani yanafuata hivyo hivyo. Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza ni laini, yana protini, ng'ombe ananenepa ukimwangalia. Mwezi wa nne yameshatoa mbegu na shina limekuwa gumu. Mwezi wa saba, yale ambayo moto haujachoma ni makapi tu. Protini ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni vinavyomsagia ng'ombe majani vinakosa nguvu, na yeye anapunguza kula hata kama majani yapo mpaka magotini. Ndiyo sababu unaweza kuwa na pori kubwa mwezi wa nane na ng'ombe bado wanakonda.

Sasa tazameni jike mwenyewe. Chakula anachokihitaji hakifanani mwaka mzima. Miezi mitatu ya kwanza baada ya kuzaa ndiyo mizito kuliko yote: maziwa yanafika kilele kama mwezi wa pili, na wakati huo huo mwili unatakiwa kurudi kwenye joto apandwe tena. Mimba ya ng'ombe ni siku 283 hivi, na zebu wetu, hawa ng'ombe wenye nundu, wengi wanasogea mpaka 290. Toa 283 kwenye 365, zinabaki siku 82. Jike asiposhika mimba ndani ya siku hizo, mwakani atazaa kwa kuchelewa, na mwaka unaofuata atachelewa zaidi, mpaka siku moja unakuta anazaa katikati ya kiangazi. Hivyo ndivyo mazizi mengi yamefika pale yalipo.

Kwa hiyo hesabu yangu inaanzia kwenye majani na kurudi nyuma. Miezi mitatu mizito ya jike iangukie kwenye miezi mitatu mizuri ya majani. Dume aingie tarehe 15 mwezi wa kwanza, atoke tarehe 15 mwezi wa tatu. Hapo uzazi unaanza kama tarehe 25 mwezi wa kumi na unamalizika kabla ya Noeli, na kwa zebu wenye mimba ndefu unasogea wiki moja mbele. Siku 60 hivi za dume ni karibu mizunguko mitatu ya joto, kwa sababu jike anarudia joto kila siku 21. Mwenye afya anapata nafasi za kutosha.

Tarehe ya pili, ambayo watu hawaitaji, ni ya kuachisha ziwa. Ndama wa mwezi wa kumi na moja, mwezi wa sita unapoanza ana miezi saba. Mwachishe hapo. Jike bado ana mafuta ya mvua mgongoni, ana mimba ya miezi mitatu au minne, na kiangazi chote kiko mbele. Ukimwacha ndama anyonye mpaka mwezi wa tisa, jike anafika kwenye uzazi ujao akiwa mifupa, na hata ungepanga dume vizuri namna gani, joto halitarudi kwa wakati.

Mimi naamini tarehe hizi mbili, ya dume na ya kuachisha, zina faida kuliko dawa zote tunazonunua. Karibuni mpinge au muongeze.

Mwana_Kipushi

Papa Kafubu, asante kwa hesabu, lakini mimi napinga mwezi wa kumi na moja. Jike anayezaa wakati huo amevuka kiangazi chote na mimba. Miezi mitatu ya mwisho ya mimba, pale ndama anakua sana tumboni, ni wa nane, wa tisa na wa kumi, yaani njaa tupu. Mimi naona azae mwezi wa kwanza au wa pili. Anakuwa amekula majani mabichi miezi miwili, amenona, maziwa yanatoka kwa nguvu. Kwetu Kipushi majike wanaozaa mwezi wa pili ndio wana ndama wazuri zaidi wanapotimiza wiki sita.

Mfugaji_Kafubu

Ndugu wa Kipushi, umegusa mahali penye kidonda, na sitapaficha. Kweli, udhaifu wa kuzaa mwanzo wa mvua ni huo huo, kiangazi kinaangukia mwisho wa mimba. Lakini mfuate jike wako wa mwezi wa pili mbele kidogo. Siku zake 82 zinaishia mwisho wa mwezi wa nne au mwanzo wa wa tano. Yaani unamtaka aingie joto wakati majani yanakauka na maziwa bado yanamvuta. Wachache watashika. Wengine watakaa wazi, yaani bila mimba, mpaka mvua nyingine. Ndama naye: wiki sita ni mzuri, nakubali. Akifika miezi mitatu au minne, umri wa kuanza kula majani kwa bidii, anakuta makapi. Ndama wa mwezi wa kumi na moja katika umri huo anakuta bado kuna kijani mwezi wa pili na wa tatu.

Halafu kuna matope. Mwezi wa kwanza na wa pili zizi limelowa, kitovu kibichi kinalala kwenye samadi. Kuhara na kuvimba viungo kwa ndama kunaanzia hapo.

Dokta_wa_Mifugo

Naunga mkono hilo la matope na naongeza la kupe. Kupe wakubwa wa aina inayoleta ndigana kali wanatoka kwa wingi mvua ikishashika. Ndama aliyezaliwa mwezi wa pili anakutana nao akiwa na siku chache, ngozi laini, masikio yamejaa. Yule wa mwisho wa mwezi wa kumi hataepuka kupe, hilo lieleweke, ila wakija kwa wingi atakuwa ameshapata nguvu ya wiki kadhaa na maziwa ya kutosha. Katika mvua nyunyizeni dawa kila wiki, na shikeni ndani ya sikio kwa mkono, msipige dawa mgongoni tu mkaondoka. Mkiona tezi chini ya sikio au mbele ya bega imevimba na ndama ana homa, hiyo ni siku ya kuita mganga wa mifugo, msingoje kesho.

Kuhusu jike kukonda kabla ya kuzaa, msitazame kwa mbali. Ng'ombe mwenye manyoya ya kiangazi anadanganya macho. Weka kiganja kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Kama vidole vinazihisi ncha za mifupa ile mifupi zikiwa kali, hazina nyama juu, huyo amechelewa. Kama unazihisi lakini ni lazima ukandamize kidogo, yuko vizuri. Kwa kipimo cha unene cha 1 (mifupa mitupu) mpaka 5 (mnene kupita kiasi) tunataka afike uzazi akiwa kwenye 3, au 2.5 kwa shida. Pimeni kiganja hicho mwisho wa mwezi wa tano na tena mwisho wa mwezi wa nane. Mwezi wa nane bado una wiki nane za kumsaidia. Akishazaa, kila unachompa kinaenda kwenye maziwa, na kumrudishia nyama ni kazi kubwa mara mbili.

Shamba_Kasenga

Dokta, kumsaidia kwa nini? Hapo ndipo sisi wa barabara ya Kasenga tunakwama. Pumba za mahindi zinafuata bei ya mahindi, na bunga, unga wa mahindi, likipanda mjini, hakuna anayekumbuka ng'ombe. Machicha ya bia yanapatikana mjini lakini usafiri unakula faida yote.

Mfugaji_Kafubu

Yaya Kasenga, hebu tuanze na kile kisichonunuliwa.

Kwanza mabua ya mahindi. Tunavuna mwezi wa nne mpaka wa sita, na wengi wanachoma mabua au wanayaacha yaliwe na kila mnyama wa kijiji. Kusanya, weka juu ya kichanja chenye paa la majani, fungua mwezi wa nane. Majani ya viazi vitamu na majani ya karanga za shambani weka pamoja. Mabua yanajaza tumbo, hayana protini nyingi, majani ya karanga na ya viazi ndiyo yana kitu, kwa hiyo mpe jike mwenye mimba kubwa hayo kwanza.

Pili, majani ya kukata. Wakati wa kukata ni mwezi wa nne, mvua ikishaanza kukatika na kabla shina halijawa gumu. Ukingoja mwezi wa sita unakata makapi na kuyabeba kwa jasho lako. Najua mwezi wa nne ni wa kuvuna, mikono haitoshi. Hata mzigo mdogo, wa majike watatu waliokonda tu, una thamani mwezi wa tisa.

Tatu, kipande cha pori kilichozungushiwa njia ya moto. Lima ukanda mpana mwezi wa tano, kabla moto wa wawindaji haujaanza kutembea. Kwenye dembo, pale udongo unashika maji, majani mabichi yanachipuka mapema kuliko mlimani. Lihifadhi dembo hilo kwa ajili ya mwezi wa tisa na wa kumi, usiliingize kundi lote mwezi wa sita likamalizwa. Miti ya miombo nayo inatoa majani mapya kabla ya mvua, na ng'ombe wanayafuata.

Baada ya hapo ndipo tunanunua, na tununue protini, siyo kujaza tumbo. Mashudu ya karanga au ya soya, yale mabaki baada ya kukamua mafuta, kidogo kila siku, yanawaamsha vijidudu vya tumbo na ng'ombe anaanza kula yale makapi aliyokuwa anayakataa. Faida yake iko hapo: kopo moja la mashudu linamfanya ale majani makavu mengi zaidi.

Dokta_wa_Mifugo

Na chumvi. Mkiona ng'ombe anaguguna mifupa porini, huyo anatafuta fosforasi. Mifupa ya mizoga inaweza kumwua kwa sumu ya botulizimu. Mpeni chumvi iliyochanganywa na fosforasi, mwaka mzima, na zaidi kwa majike.

Onyo moja kuhusu mawe ya kulamba yenye urea. Yanasaidia katika kiangazi, lakini urea ikiyeyuka kwenye maji na ng'ombe akanywa maji yale, anakufa ndani ya saa chache. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi ndiyo hatari, kwa sababu inajaza lile sanduku la kulambia. Toboa matundu chini au weka paa. Ng'ombe mwenye njaa kali asianze kulamba siku moja bila kuzoeshwa, na ndama wadogo wasifikie kabisa.

Mama_wa_Kasapa

Mimi ni mama, nina majike tisa, na nauza maziwa kidogo asubuhi. Papa Kafubu, ukinifanya wote wazae pamoja, mwezi wa nane na wa tisa nitakuwa sina hata lita moja. Na mwezi wa tisa ndio watoto wanarudi masomoni. Hesabu yako ni nzuri kwa mwanaume mwenye kazi nyingine mjini. Kwa mama anayeishi kwa maziwa si rahisi.

Mfugaji_Kafubu

Mama, nimekusoma vizuri na una haki. Kama maziwa ndiyo yanalisha nyumba, usiyavunje kwa ajili ya ndama wa nyama. Ningekushauri hivi: chagua majike wawili au watatu wenye maziwa zaidi, hao waweke karibu na nyumba, wazae kwa zamu wakati wowote, na pumba na mashudu yote ya kununua yaende kwao, kwa sababu wanayalipa kila asubuhi. Wale sita wengine wawe wa nyama kweli, wazae mwanzo wa mvua, ndama anyonye yote, usimkamue mama yake.

Na kuhusu pesa ya mwezi wa tisa: ng'ombe wa kuuza amenona zaidi mwezi wa nne na wa tano. Mwezi wa tisa anakaribia kwisha, na mchinjaji anakulipa kwa kile anachokiona. Ukijua kuna masomo, mwezi wa tano uza yule dume aliyehasiwa, tunza pesa. Zaidi ya hapo unabaki na mdomo mmoja pungufu kwenye kiangazi, na majani yake yanabaki kwa majike wenye mimba.

Mama_wa_Kasapa

Hilo la kugawa kundi nimelipenda. Shida ni dume tu, kwa sababu dume ni wa jirani na anakuja anapotaka.

Masisi_Juu

Poleni kwa kuingilia, mimi niko Goma, ng'ombe wetu wako Masisi. Huku mvua ni miezi mingi, kavu kubwa ni wa sita mpaka wa nane, na juu milimani majani ni mabichi karibu mwaka mzima. Sisi hatuna msimu wa kuzaa na ng'ombe wanaendelea. Je, hesabu hii inatuhusu?

Mfugaji_Kafubu

Ndugu wa Masisi, karibu sana, na poleni kwa yote mnayopitia huko. Kwenu majani hayawalazimishi kama huku. Kinachoua ndama juu kule ni baridi na mvua ya usiku, mapafu yanashikwa. Kwa hiyo msichukue tarehe zangu. Chukueni swali: ni miezi gani ndama wenu wengi wanakufa? Hesabuni siku 283 kurudi nyuma, na miezi hiyo dume afungwe. Huenda mkakuta ni miezi miwili tu ya kukwepa, na mwaka uliobaki muwaachie.

Mwana_Kipushi

Papa, tuseme nimekubali. Majike wangu leo wanazaa hovyo, mwezi wowote. Nikimfungia dume kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa kwanza ujao, jike aliyezaa mwezi wa pili atakaa bure karibu mwaka mzima. Kwa mtu mwenye majike kumi na wawili hiyo ni hasara inayoonekana.

Mfugaji_Kafubu

Ni kweli, na ndiyo sababu wengi wanajaribu mwaka mmoja wanaacha. Usibane kwa mara moja. Bana kwa miaka mitatu.

Mwaka wa kwanza ondoa uzazi wa miezi mibaya tu, yaani wa sita mpaka wa tisa. Ndama wa tarehe 1 mwezi wa sita anaingia tumboni kama tarehe 22 mwezi wa nane wa mwaka uliotangulia. Wa mwisho wa mwezi wa tisa anaingia kama tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili. Kwa hiyo mwaka huu dume mtenge kuanzia tarehe 20 mwezi wa nane, mrudishe tarehe 15 mwezi wa kwanza. Hapo umefuta vifo vingi na hujampotezea jike muda mrefu.

Mwaka wa pili mtenge kuanzia mwisho wa mwezi wa tano. Uzazi wa mwisho utaangukia kama tarehe 10 mwezi wa tatu. Mwaka wa tatu mtenge mwisho wa mwezi wa tatu, na uzazi utamalizika wiki ya kwanza au ya pili ya mwezi wa kwanza. Ukiona wanashika vizuri, ndipo unasogeza mpaka tarehe 15 mwezi wa tatu.

Katika miaka hiyo mitatu kuna majike watakaoshindwa kufuata. Mpime mimba mwezi wa tano au wa sita, Dokta anaingiza mkono, ni dakika chache. Yule ambaye hana mimba, ni mzee au mkorofi wa kuzaa, uzwe hapo hapo akiwa bado amenona. Usimlishe kiangazi chote. Yule mchanga aliyekosa mara moja, hasa aliyezaa kwa mara ya kwanza, mpe nafasi nyingine.

Dokta_wa_Mifugo

Mzaa mara ya kwanza mwangalieni kwa jicho lingine. Bado anakua, anatoa maziwa, meno yanabadilika, na anatakiwa ashike mimba. Ndiye wa kwanza kubaki wazi. Mtamba, yaani jike ambaye hajazaa bado, asipandwe kabla hajafika asilimia 60 au 65 ya uzito wa jike mzima wa aina yake. Kama majike wako wana kilo 300, basi mtamba awe na karibu kilo 190. Zebu wengi wa hapa wanafikia hapo wakiwa na miaka miwili na zaidi, wengine mitatu. Msiangalie miaka, tumieni utepe wa kupimia kifua.

Shamba_Kasenga

Turudi kwenye dume. Sisi wafugaji watatu tunatumia dume mmoja. Zamani kila mtu alikaa naye miezi minne. Sasa kila mmoja anataka siku zile zile 60. Tufanyeje?

Mfugaji_Kafubu

Yaya, hili ndilo swali la kweli la wafugaji wadogo, na ranchi haziwezi kutufundisha.

Njia ninayoipenda ni kuunganisha majike badala ya kumzungusha dume. Tarehe 15 mwezi wa kwanza majike wa watu watatu waende kwenye pori moja, kila mmoja na alama yake ya sikio, mchungaji analipwa na wote watatu, na dume anakaa nao mpaka wa tatu. Dume mzima mwenye afya anaweza majike 25 mpaka 30. Kijana wa miaka miwili mpeni 10 mpaka 15, asizidishiwe. Mkipita hapo tafuteni dume wa pili. Majani ya mwezi wa kwanza na wa pili yanatosha kubeba kundi kubwa mahali pamoja, jambo ambalo mwezi wa nane lisingewezekana.

Njia ya pili ni kupokezana kwa wiki tano tano: mmoja aanze mwanzo wa mwezi wa kwanza, wa pili afuate, wa tatu amalizie katikati ya mwezi wa nne. Wa mwisho ataumia kidogo, kwa hiyo mwaka unaofuata awe wa kwanza.

Kabla ya yote dume apimwe. Dume wa kuazima anabeba magonjwa ya uzazi kutoka zizi mpaka zizi bila yeye mwenyewe kuonekana mgonjwa. Jike anarudia joto mara kwa mara, au anatupa mimba, na watu wanasema ni uchawi wa jirani.

Dokta_wa_Mifugo

Hasa ugonjwa wa kutupa mimba, bruselozi. Damu ya dume na ya majike wote wanaounganishwa ipimwe kabla ya kukutana. Msiguse kondo la nyuma kwa mikono mitupu, na mama asiuze maziwa yasiyochemshwa, kwa sababu ugonjwa huu unashika watu.

Na dume alishwe mapema. Mbegu zake zinachukua karibu miezi miwili kutengenezwa. Atakayofanya mwezi wa kwanza yanategemea alivyokula mwezi wa kumi na moja. Dume anayetoka kiangazi amekonda, akaletwa kazini siku ile ile, wiki za kwanza ni za bure, na kwenu wiki tatu ni theluthi ya msimu. Tazama anavyotembea, kwato, macho, korodani zilingane na zisiwe na uvimbe. Kisha siku za kwanza kaa umwone akipanda. Kuna dume mwenye umbo zuri asiyejua kazi.

Papa_Likasi

Je, mbegu za chupa? Si zingemaliza habari ya dume?

Dokta_wa_Mifugo

Papa, mbegu za chupa zinahitaji naitrojeni ya maji, ya kuzigandisha, bila kukatika, na mtu wa kuona joto. Joto la zebu ni fupi na mara nyingi linakuja usiku. Kuna sindano ya kuwaleta kwenye joto pamoja, lakini inafanya kazi kwa jike ambaye mzunguko wake umesharudi. Aliyekonda na ananyonyesha, sindano haimsaidii. Kwa hiyo tunarudi kwenye majani yale yale.

Mwana_Kipushi

Lingine. Mwezi wa kumi na moja sisi wote tuko shambani tunapanda mahindi. Nani atakaa na majike wanaozaa?

Mfugaji_Kafubu

Mchungaji asipewe jembe wiki hizo. Hilo ni la kukubaliana na nyumba nzima mapema, kwa sababu ndama mmoja ana thamani ya magunia mengi ya mahindi. Majike wanaokaribia, kiwele kimejaa na ngozi ya nyuma imelegea, watenge kwenye kipande kikavu karibu na nyumba, siyo ndani ya zizi la samadi. Wengi watazaa wenyewe, hawahitaji mkono wa mtu. Kazi yako ni kuona mambo mawili. Kitovu kichovywe kwenye iodini, chote mpaka kwenye ngozi. Na ndama asimame anyonye maziwa ya mwanzo ndani ya saa mbili, zikizidi sana saa sita. Baada ya hapo tumbo lake linaanza kufunga njia ya kinga, na kila saa inapunguza. Ndama wa kilo 25 anahitaji kama lita mbili na nusu. Asiyeweza kunyonya, kamua umpe kwa chupa ya mtoto, polepole, kichwa kisiinuliwe sana maziwa yasiende mapafuni.

Mama_wa_Kasapa

Na dume akitengwa miezi kumi, anakaa wapi? Zizi langu moja. Ukimfunga peke yake analia usiku kucha na kuvunja miti.

Mfugaji_Kafubu

Mama, asifungwe peke yake, ng'ombe hapendi upweke na dume mpweke ndiye anakuwa mkali. Muweke na madume waliohasiwa, wale wa kunenepesha, wachungwe upande wa pili wa mto au wa barabara, mbali na majike. Ndiyo maana kugawana kwenu watatu au wanne kunasaidia: nyumba moja ichunge madume ya wote, nyingine majike. Wale majike wako wa maziwa wa karibu na nyumba, akiingia joto mmoja, unampeleka kwa dume kwa kamba, siku hiyo hiyo unamrudisha. Dume harudi nyumbani.

Madume wadogo nao wasisahaulike. Ndama dume wa miezi tisa anaweza kuwa ameanza, na mipango yote inaharibika na kijana uliyemwona bado mtoto. Wahasiwe kabla ya mwezi wa sita, siku zile zile za kuachisha ziwa au mapema zaidi. Koleo la kuhasi moja linatosha kijiji kizima, mchangie pamoja.

Shamba_Kasenga

Sawa. Nimeongea na wenzangu wawili leo. Tumekubali kuunganisha majike, jumla ni 23, pori ni la yule wa Minga. Dokta, tunahitaji utupimie damu ya dume na majike wote kabla ya mwezi wa kumi na mbili. Tupange siku, tutawakusanya asubuhi mapema kabla ya jua.

Dokta_wa_Mifugo

Niandikie pembeni tupange siku. Waweke kwenye njia nyembamba ya miti, wasisimame hovyo zizini, na uniandalie orodha ya alama za masikio pamoja na mwezi kila mmoja alipozaa mara ya mwisho.